Ada za Kabla ya Harusi: Ziitumikie Ndoa, Zisiitoze Kodi

TAHARIRI





Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, na tena funga inapokwisha na mfungo mosi ukaingia, mitaa yetu ya Magomeni hujaa harusi. Kuanzia Mapipa hadi Mwembechai, kuanzia Mikumi hadi Kagera, maturubai husimamishwa, masufuria ya pilau hupandishwa mafigani, na sauti za matarumbeta husikika hadi Barabara ya Kawawa. Hiyo ni neema, na anayechukia kuona Waislamu wakioana ana maradhi moyoni mwake. Ndoa ni nusu ya utulivu wa mtu, na Mwenyezi Mungu ameitaja katika Suratur-Rum, aya ya 21, kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, kwamba ameweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma.

Lakini tuitazame ndoa yenyewe. Akiwapo walii, mashahidi wawili, ridhaa, mahari, na maneno ya kuozesha na kukubali, sheikh huimaliza shughuli hiyo kabla chai haijapoa. Yanayochukua miezi, na pengine miaka, ni yale yanayoitangulia: barua, vikao, michango, begi, singo, kicheni pati, sendofu, mkesha. Kwa vijana wengi wa mitaa hii, hayo ndiyo yaliyosimama baina yao na sunna ya Mtume wao. Mwezi huu tumeona ni wajibu wetu tuyazungumze hayo, moja baada ya jingine, bila ya kuogopa lawama na bila ya kuwadharau wazee waliotuachia.

MIZANI KABLA YA HUKUMU

Wako ndugu zetu ambao kila wasikiapo neno ada hunyanyua sauti na kusema: bidaa, iondolewe. Na wako wengine ambao kila waambiwapo jambo fulani halifai hujibu kuwa ndivyo walivyofanya babu zetu. Jibu hili la pili Qur'ani imelikemea mahali pengi, mathalani Suratul-Baqara, aya ya 170. Ama kauli ya kwanza, inahitaji elimu kabla ya sauti.

Imepokewa na Imamu Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Rubayyi bint Muawwidh katika asubuhi ya harusi yake, akakaa, na wasichana wakawa wanapiga dufu na kuwataja kwa sifa wazee wao waliouawa siku ya Badr. Mmoja wao akaingiza maneno kwamba miongoni mwao yumo Mtume ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume (S.A.W.) akamwambia aliache neno hilo, na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Tuizingatie adabu hii. Lilitoka neno lililogusa itikadi, akaliondoa neno hilo papo hapo. Dufu halikuvunjwa, wasichana hawakufukuzwa, wala furaha ya bibi harusi haikuharibiwa.

Hiyo ndiyo mizani yetu. Ada itakayokutwa inagusa itikadi, au inavunja sitara, au inadhulumu haki ya mtu, iondolewe. Itakayokutwa inawasaidia maarusi wawili waingie katika nyumba yao kwa elimu, usafi na furaha, ibaki. Na itakayokutwa imegeuka kuwa kodi, kwamba asiyeilipa haoi wala haolewi, ishushwe mahali pake hata kama asili yake ni njema.

Na anayetaka kurekebisha, kwanza aijue ada yenyewe. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za posa, mahari na harusi katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Naye Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeifasiri Qur'ani kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu kizima kiitwacho Ada za Harusi katika Unguja. Sheikh huyo hakuwa mtu wa kunyamazia bidaa, na bado aliona ada za watu wake zinastahiki kuandikwa na kufahamika.

POSA NA YANAYOOMBWA JUU YAKE

Jambo huanza kwa mshenga. Mtu mzima mwenye heshima yake huchukua barua, aghalabu imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na fedha, akaipeleka kwa wazee wa binti. Barua hupokewa, wazee wakataka muda, na jibu hurudi kwa njia ile ile. Katika hili hatuoni ila wema. Mshenga huziepusha nyumba mbili na aibu ikiwa jibu ni hapana, na muda wa kusubiri huwapa wazee nafasi ya kuuliza dini na tabia ya kijana. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza, kwa Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kuwa akija anayeridhiwa dini yake na tabia yake aozeshwe, vinginevyo itazuka fitina katika ardhi.

Matatizo huanzia hapa. La kwanza, katika baadhi ya nyumba bado kuna mtindo wa kwenda kutazamia nyota. Jina la kijana na jina la mama yake hupelekwa kwa mpiga ramli, na ikisemwa nyota hazipatani, posa hurudishwa. Kijana mswalihina hukataliwa kwa hesabu za mtu asiyejua hata yatakayompata mwenyewe jioni ya siku hiyo. Hili halina njia ya kurekebishwa, ni la kuachwa. Aliye na shaka aswali istikhara na aulize majirani.

La pili, ni nani anayeulizwa? Wazee hukaa, wajomba hukaa, mashangazi hukaa, na binti anayeposwa huletewa habari wakati ahadi imekwisha kutolewa. Sahaba mwanamke Khansaa bint Khidam aliozeshwa na baba yake bila ya ridhaa yake, akamwendea Mtume (S.A.W.), naye akaitengua ndoa ile. Hadithi hii imo katika Bukhari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Basi mzazi asiandike jibu la barua kabla hajakaa na binti yake faragha akamsikiliza.

La tatu ni orodha. Ikiisha kutajwa mahari, hutajwa kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, kisha haki ya bibi, ya mjomba, ya shangazi, na baadaye kifungua mlango na kipa mkono. Majina haya ni ya kale, na yana maana nzuri. Mkaja ni ile nguo ambayo mama alijifungia tumbo baada ya kumzaa binti huyu, na ubeleko ni ile aliyombebea mgongoni. Mkwe anayemletea mama huyo nguo kwa moyo wake anamshukuru kwa uchungu na malezi, na nani atakataza shukrani? Lakini shukrani inapoandikwa kwenye karatasi pamoja na kiwango chake, na kijana akaambiwa asipotimiza haozeshwi, hapo imekwisha kuwa bei.

Na wakati mwingine hutokea kubaya zaidi, kwamba mahari yenyewe hugawanywa na wanaume wa ukoo, na binti aliyeolewa hajui hata yalikuwa kiasi gani. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, nao wakiridhia kutoa sehemu yake kwa nafsi zao, hapo ndipo mwingine anaweza kula kwa raha. Aya hii inasomwa misikitini mwetu kila mwaka. Basi baba aliyekula mahari ya binti yake bila ya ridhaa yake amekula mali ya mtu, na jina la ubaba halimhalalishii.

KUTOKA UANI HADI UKUMBINI

Wengi hulaumu tamaa peke yake kwa gharama hizi. Tamaa ipo, lakini kuna sababu nyingine ambayo yafaa tuielewe ili dawa iwe sahihi.

Ada zetu za kabla ya harusi zilizaliwa katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi wa kati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Uani ndimo nazi zilimokunwa, mchele ulimopetwa, bibi harusi alimosingwa na wanawake walimoimba. Jirani alileta kibaba cha mchele, mwingine kuni, mwingine nazi mbili, na asiyekuwa na kitu alileta mikono yake. Gharama ilikuwepo, lakini ilisambaa katika mtaa mzima, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni kazi.

Leo nyumba hizo zinapungua Magomeni. Penye uani pamejengwa fremu za maduka au ghorofa. Magomeni Kota, zilipokuwa nyumba za zamani, pana majengo ya ghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644. Hatulaumu watu kupata makazi bora. Tunasema tu kwamba anayeishi ghorofa ya 5 hana uani wa kukunia nazi, na hivyo shughuli huhamia ukumbini. Ukumbini kila kitu hulipiwa: viti, mapambo, mpishi, mshereheshaji, muziki, mpiga picha. Kazi iliyofanywa na majirani kwa mapenzi sasa hufanywa na wageni kwa fedha taslimu. Na shughuli moja ya uani, iliyokuwa na singo na mafunzo na nyimbo kwa pamoja, imepasuliwa vipande vitatu au vinne, kila kimoja na ukumbi wake, sare yake na kamati yake.

Tuseme kijana ni fundi cherehani Kariakoo, na tuseme anaweza kuweka akiba shilingi 100,000 kila mwezi baada ya kodi ya chumba na chakula. Akitakiwa mahari ya shilingi 500,000, ndani ya miezi mitano atakuwa ameyapata. Lakini akijumlishiwa begi la nguo, viatu na manukato, kilemba na mkaja, na sehemu yake ya ukumbi, hata ikafika shilingi 5,000,000, hiyo ni miezi 50, yaani zaidi ya miaka minne. Takwimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Kisha ajiulize: katika miaka minne hiyo, kijana huyu na binti huyu waliokwisha kupendana watakaaje, na mji huu tunaujua?

Upande wa binti nao una mzigo wake, na aghalabu huangukia kwa mama. Mama aliyekwenda katika sendofu za binti za wenzake, akavaa sare za vitenge vya Kariakoo na kutoa zawadi, huona haya binti yake akitoka kimya kimya. Asipokuwa na akiba hukopa, na akopaye haraka hukopa kwa riba, hata kwa wale ambao watu wa Dar es Salaam wamewapa jina la kausha damu. Ndoa ya halali hufunguliwa kwa deni la haramu, na bibi harusi akiwa katika fungate yake, mama yake anajificha wadai. Je, hii ndiyo baraka tunayoombeana?

MANJANO, SINGO NA HINA

Yapo yanayolaumiwa bila haki, na singo ni mojawapo. Siku kadhaa kabla ya ndoa, mwari huwekwa ndani, akasuguliwa mwili kwa mchanganyiko wa liwa, manjano, karafuu na marashi, kisha mikono na miguu yake ikapambwa kwa hina na piko. Husikika wakisema kuwa hii ni mila ya Kihindi na ni kujifananisha na makafiri.

Kwanza tujue kuwa manjano hayana dini. Kule Bangladesh, na katika jimbo la Bengali Magharibi nchini India, bibi harusi na bwana harusi hupakwa manjano kabla ya ndoa katika siku waiitayo kwa lugha yao gaye holud, yaani manjano mwilini. Jamaa za bwana harusi hupeleka sinia za nguo, vitamu, na aghalabu samaki mkubwa aliyepambwa. Waislamu hufanya, na Wahindu hufanya, kila watu na namna yao. Na Waislamu wa huko wameujua mjadala huu kwa takriban miaka 200. Haji Shariatullah, aliyefariki mwaka 1840, aliwaita watu wa Bengali mashariki warejee katika faraidhi na kuacha mila zilizogeuzwa kuwa dini. Kaskazini ya India, Sheikh Ashraf Ali Thanawi, aliyefariki mwaka 1943, alitenga sehemu ya kitabu chake mashuhuri cha Bihishti Zewar kuzikosoa mila, zikiwamo za harusi na israfu zake. Hadi leo manjano yanapakwa. Ama israfu, ndiyo inayoendelea kuwatesa maskini wao kama inavyowatesa wetu. Tujifunze kwao tusiielekeze nguvu yetu kwenye rangi tukaiacha riba.

Pili, tuirejee Sunna. Mtume (S.A.W.) alimwona Abdulrahman bin Auf (r.a.) akiwa na athari ya umanjano wa manukato, akamuuliza habari yake. Akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari, na kwamba mahari yake ni dhahabu kiasi cha uzito wa kokwa ya tende. Wanazuoni wameeleza kuwa rangi ile ilimgusa kutoka kwa mkewe. Mtume (S.A.W.) akamwombea baraka, na akamwamuru afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Swahaba huyo alikuwa mfanyabiashara hodari, na ndoa yake ilipita bila hata Mtume (S.A.W.) kupewa habari mapema. Leo mtu akioa bila ya kumwalika mjumbe wa kamati huvunjika undugu.

Basi mwari na asingwe, atiwe hina, anukie, maana kujipamba kwa ajili ya mume ni katika mambo mema. Tunachokataza ni kuamini kuwa manjano yanakinga husuda, au kufunga hirizi kiunoni mwa mwari, au kumpiga picha akiwa katika hali hiyo na kuzisambaza katika simu. Hili la mwisho limekuwa balaa jipya. Mwanamke aliyesitirika miaka 20 hutazamwa na wanaume wa mji mzima kwa siku moja, na picha ikishatoka hairudi.

SOMO NA KUNGWI

Katika ada zote za kabla ya harusi, hii ndiyo tunayoiogopea zaidi kuipoteza. Mwari alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima, mwenye sitara na siri, aliyemfundisha yale ambayo mama huona haya kuyasema: hukumu za hedhi na janaba, josho, usafi, namna ya kuishi na mume, na namna ya kusema naye wakati wa ghadhabu. Hii ni elimu ya faradhi aini, na bibi harusi asiyejua kuoga janaba swala yake iko hatarini.

Hapana shaka kuwa katika ngoma za unyago yamo yasiyokubalika: uchi, maneno machafu, na kuwaingiza watoto wadogo katika mambo ya wakubwa. Hayo yaondolewe bila ya kusitasita. Lakini kicheni pati iliyochukua nafasi yake mara nyingi imeliondoa somo lenyewe na kuyabakisha matusi. Wanawake 200 hukaa ukumbini, msemaji wa kukodiwa hushika kipaza sauti, na mambo ya chumbani huzungumzwa kwa kicheko mbele ya wasichana wa kila umri. Vyombo vya jikoni anavyopewa bibi harusi ni msaada mzuri, na tunausifu. Kwa mafunzo, hata hivyo, jioni moja ya kelele haiwezi kuwa badala ya wiki moja ya kukaa na somo mcha Mungu.

Tukumbuke pia kwamba kijana wa kiume hafundwi kabisa. Yeye hukabidhiwa suti na gari la kupambwa. Haki za mke, nafaka, upole, talaka na adabu zake, hujifunza baada ya kuharibu.

MKESHA NA NGOMA

Bibi Aisha (r.a.) alipomsindikiza bibi harusi kwa mwanamume wa Kiansari, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama palikuwa na pumbao lolote, kwa kuwa Maansari hulipenda. Hadithi hii imo katika Bukhari. Basi wanawake wapige dufu na waimbe nyimbo njema, na ndoa itangazwe, ijulikane, isifiche uso.

Ama kigodoro kinachofunga mtaa usiku kucha, wasichana wakikata viuno barabarani mbele ya wanaume na watoto, na spika zikimtikisa mgonjwa kitandani na mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi, hicho si katika kutangaza ndoa. Ni kuwaudhi majirani kwa jina la bibi harusi, na aghalabu mwenyewe hakuulizwa kama anakitaka. Na adhana ya alfajiri inapoadhiniwa juu ya kelele hizo, ni nani katika waliokesha atakayeiitika?

KADI YA MCHANGO

Tunafika kwenye jambo ambalo wengi wangependa tulipite. Kuchangiana asili yake ni taawun, na Sunna inayo mfano wake. Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya (r.a.) wakiwa safarini kutoka Khaybar, alitandika mkeka na akasema aliye na kitu akilete. Huyu akaleta tende, yule samli, vikachanganywa, na hiyo ikawa walima yake. Anas (r.a.) ndiye aliyeihadithia. Angalia: aliyekuwa nacho alileta, na wote walikula. Hakuna aliyeulizwa ametoa kiasi gani kabla hajakaa mkekani.

Kadi za leo zina kiwango. Kundi la WhatsApp huundwa, majina huorodheshwa, na mbele ya kila jina huandikwa ahadi na kilicholipwa. Aliyechelewa hukumbushwa mbele ya wote. Akitoa kiasi kidogo hupewa kadi ya mtu mmoja, akitoa kikubwa ya wawili, asiyetoa hana kadi. Shangazi mjane aliyembeba bwana harusi mgongoni hubaki nyumbani, na mtu asiyemjua hata jina huketi meza ya mbele. Mtume (S.A.W.) amekitaja chakula cha aina hii. Katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima wanayoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri.

Na tutazame mchango huo unakwenda wapi. Mamilioni hukusanywa kwa miezi, yakaliwa na ukumbi kwa saa sita, na Jumatatu maarusi hawana kodi ya mwezi wa pili. Ali bin Abi Talib (r.a.) alimwoa Bibi Fatma (r.a.) kwa mahari ya deraya yake, na vitu alivyotoka navyo binti wa Mtume vilikuwa nguo ya kujifunika, kiriba cha maji na mto uliojazwa majani ya idhkhir. Vyote vilikuwa vya kutumika nyumbani siku ya pili yake.

TUNALOWAOMBA

Maneno peke yake hayamuozi mtu. Kwa hiyo tunawaomba maimamu, kamati za misikiti, wazazi na vijana wa Magomeni, Kariakoo na mitaa jirani wayazingatie haya, na yaanze sasa kabla ya msimu ujao wa harusi:

Kwanza, kila msikiti uwe tayari kufungisha ndoa baada ya swala bila ya gharama, na itangazwe hapo hapo mbele ya jamaa.

Pili, mahari yatajwe kwa sauti na yakabidhiwe mkononi mwa bibi harusi au kwa mtu aliyemteua mwenyewe. Kilemba, mkaja na ubeleko vibaki kuwa zawadi, visiwekwe katika masharti.

Tatu, wanawake wenye elimu katika kila msikiti wachaguliwe kuwa masomo wa mwari, wafundishe kwa siri na sitara, na wanaume wazima wenye hekima wafanye hivyo hivyo kwa waoaji.

Nne, shughuli za wanawake zikusanywe ziwe moja: singo, hina, zawadi za vyombo na nyimbo njema katika siku moja, bila ya sare ya lazima na bila ya simu za picha. Madrasa na viwanja vya misikiti vitumike pale uani ulipokosekana.

Tano, walima iwe moja, kwa uwezo wa mwenye kuoa, na mafakiri wa mtaa waalikwe kwanza. Anayetaka kuchangia achangie kitanda, jiko, au kodi ya miezi ya mwanzo, na jina lake lisibandikwe popote.

Sita, wenye uwezo waanze. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Maskini hajibuni desturi hizi, huziiga. Siku tajiri wa Kariakoo atakapomwoza binti yake msikitini kwa mahari mepesi na pilau la mtaani, mama mjane wa Mwembechai atakuwa amepata ruhusa ya kufanya hivyo bila ya kuona haya. Amejenga msikiti moyoni mwa mtu, na malipo yake yako kwa Mola wake.

Wako watakaosema kuwa tunataka kuwanyima watu furaha. Wallahi hatutaki hilo. Tunataka furaha hiyo imfikie na yule fundi cherehani kabla nywele zake hazijaingia mvi, na imfikie na mama wa binti pasipo wadai mlangoni. Imepokewa na Abu Daud kwamba ndoa bora ni ile iliyo nyepesi. Wepesi huo umo mikononi mwa wazazi wanaosoma ukurasa huu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu, awakutanishe katika kheri, awaruzuku kizazi chema, awafanyie wepesi vijana walio njiani, na atupe sote ujasiri wa kuacha tulilozoea pale inapobainika kuwa haki iko pengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.